Kristian Birkeland: Msomi aliyefuata mtikisiko wa dira hadi kwenye Jua

Na Mwandishi Wetu

ASUBUHI ya Juni 15, 1917, katika hoteli iitwayo Seiyoken jijini Tokyo, Japan, mgeni mmoja kutoka Norway alikutwa amefariki dunia chumbani mwake. Alikuwa na umri wa miaka 49. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa usiku ule alikuwa amemeza gramu 10 za veronali, dawa ya usingizi iliyotumika sana zama hizo, ilhali kipimo alichopaswa kumeza kilikuwa nusu gramu tu.

Marehemu alikuwa Profesa Kristian Birkeland. Nchini kwake alifahamika kama mtu aliyewezesha kutengeneza mbolea kwa kuunguza hewa, na utajiri wa kampuni iliyozaliwa na ugunduzi huo ulikuwa tayari unazungumzwa kote Ulaya. Lakini jambo aliloliweka mbele ya yote, ambalo kwa ajili yake alipoteza fedha, ndoa, afya na hata baadhi ya vijana waliomfuata, lilikuwa jingine kabisa. Alitaka kujua ni kitu gani huitikisa sindano ya dira katika nchi za kaskazini ya mbali, na kwa nini mtikisiko huo huandamana na mwanga wa ajabu angani.

Jibu alilipata. Kilichomshinda ni kuwafanya wakubwa wa elimu hiyo wamwamini.

Nahodha wa jahazi huichukulia sindano ya dira kuwa kitu kilichotulia, kinachoelekea kaskazini bila kuyumba. Kwa mahitaji ya safari, imani hiyo inatosha. Hata hivyo, anayeitazama kwa chombo chenye uwezo wa kukuza huona kwamba haitulii kamwe. Huhama kidogo asubuhi na kurejea jioni. Siku nyingine hutetemeka kwa dakika kadhaa, na mara chache huruka huku na huko kana kwamba kuna mtu anayeichezea. Kadiri mtu anavyosogea kaskazini, ndivyo michezo hiyo inavyozidi kuwa mikubwa.

Mnamo mwaka 1741, katika mji wa Uppsala nchini Sweden, Olof Hiorter, aliyekuwa akishirikiana na mnajimu Anders Celsius, alibaini kuwa sindano yake iliyumba kila mwanga wa kaskazini ulipotokea angani. Mwanga huo huonekana kama mapazia ya kijani, meupe na mekundu yanayopepea usiku, na wakazi wa nchi hizo waliuzungukia kwa hadithi nyingi. George Graham, fundi wa saa jijini London, naye aliona sindano yake ikiyumba katika siku zile zile. Kwa hiyo lililotokea halikuwa la mji mmoja.

Zaidi ya miaka 150 baadaye, sababu ilikuwa bado haijulikani. Wapo waliolishuku Jua. Lakini mwaka 1892 Lord Kelvin, mwanasayansi aliyeheshimika kuliko wote nchini Uingereza, aliikataa dhana hiyo hadharani. Kwa hesabu zake, kuitikisa sumaku ya dunia kwa saa nane tu kungelitaka Jua litoe nguvu sawa na ile linayoitoa kwa miezi minne ya kuwaka kwake kwa kawaida. Mtu wa cheo chake akisema hivyo, wengi hufunga daftari.

Wakati huo Birkeland alikuwa kijana wa miaka 24. Alizaliwa Desemba 13, 1867 katika mji wa Kristiania, ambao leo unaitwa Oslo, na akiwa na miaka 18 tayari alikuwa ameandika makala yake ya kwanza ya kitaaluma. Alisoma hisabati na fizikia, kisha akaenda Paris kwa Henri Poincaré, Geneva, na Bonn kwa Heinrich Hertz, mtu wa kwanza kuthibitisha kuwepo kwa mawimbi ya redio. Mwaka 1898 aliteuliwa kuwa profesa katika chuo kikuu cha mji wake, akiwa bado kijana kwa vipimo vya cheo hicho.

Kilichompa njia ni majaribio yake ya mwaka 1896 kuhusu kile kilichoitwa miale ya kathodi. Ndani ya bomba la kioo lililotolewa hewa, umeme ukipitishwa, hutoka miale isiyoonekana ambayo hung'arisha kioo inapokigonga. Birkeland aliweka sumaku karibu na bomba, akaona miale ile ikikusanyika na kuvutwa kuelekea kwenye ncha ya sumaku, kama maji yanavyozama kwenye faneli. Papo hapo akawaza juu ya dunia, ambayo nayo ni sumaku kubwa. Ikiwa Jua linatoa miale ya aina hiyo, basi itavutwa kuelekea maeneo ya ncha za dunia, iigonge hewa ya juu na kuing'arisha. Mwanga wa kaskazini ungekuwa alama ya mahali inapogonga, na mtikisiko wa dira ungekuwa matokeo ya mkondo wa umeme unaopita juu.

Lilikuwa wazo la kijasiri, kwani hata elektroni yenyewe, chembe inayounda miale hiyo, haikutambuliwa rasmi hadi mwaka 1897. Lakini wazo lililozaliwa ndani ya chupa ya kioo lilihitaji ushahidi wa anga halisi, na anga hilo lilikuwa kaskazini kabisa, katika jimbo la Finnmark, mahali ambapo wakati wa baridi Jua halichomozi kwa wiki kadhaa.

Safari za mwanzo nusura zimtoe roho. Mwaka 1897 alinaswa na wenzake katika tufani ya theluji milimani. Katika mojawapo ya safari hizo za awali, mwanafunzi wa udaktari Bjørn Helland-Hansen aliganda mikono kwa baridi hadi akapoteza vidole. Ndoto ya upasuaji ikaishia hapo. Kijana huyo baadaye aligeukia elimu ya bahari na kuwa mmoja wa mabingwa wake wakubwa, lakini hilo halikuweza kujulikana siku ile alipofungwa bandeji.

Birkeland hakurudi nyuma. Mwaka 1899 alijenga nyumba za mawe juu ya vilele viwili karibu na Alta, kikubwa kikiwa Haldde chenye urefu wa mita 904 kutoka usawa wa bahari. Huko aliishi na wasaidizi wake katika kipindi chote cha baridi cha mwaka 1899 hadi 1900, huku upepo ukivuma kwa nguvu kiasi cha kumwangusha mtu mzima anapotoka nje kusoma kipima joto. Kilele cha pili kilikuwa umbali wa kilometa 3.4. Nia ilikuwa kuutazama mwanga mmoja kutoka vilele vyote viwili kwa wakati mmoja na kupiga hesabu ya urefu wake kutoka ardhini, kwa njia ile ile ambayo mpima ardhi hupima upana wa mto bila kuuvuka.

Hesabu hiyo haikufaulu. Vilele vilikuwa karibu mno, kwa sababu mwanga wenyewe ulikuwa juu zaidi ya alivyodhani. Na kabla baridi haijaisha, msiba uliingia kambini: mwanafunzi wake, Elisar Boye, alifukiwa na maporomoko ya theluji na kufariki dunia. Haiwezekani kuisoma historia ya Haldde bila kujiuliza kama vijana wale walielezwa vya kutosha juu ya mlima waliokuwa wakipanda. Birkeland alikuwa kiongozi mchangamfu na mkarimu, lakini pia alikuwa mtu asiyejua kusema basi.

Hata hivyo, vyombo vya Haldde vilikuwa vimeandika. Ndani ya chumba chenye giza, sumaku ndogo ilining'inizwa kwa uzi mwembamba, ikiwa imebandikwa kioo kidogo. Mwale wa taa uligonga kioo hicho na kuangukia karatasi ya picha iliyozungushwa polepole na mashine ya saa. Sumaku ikitulia, karatasi ilipata mstari ulionyooka. Sumaku ikitikisika, mstari ulipinda. Kila asubuhi karatasi ilisafishwa kwa dawa, na mambo yote ya usiku uliopita yakajitokeza.

Humo Birkeland aliona kitu ambacho mtazamaji wa harakaharaka angekipuuza. Mbali na misukosuko mikubwa isiyo na mpangilio, palikuwa na nyakati ambapo mstari ulipiga mawimbi madogo, laini na yanayofanana, moja baada ya jingine, kila wimbi likichukua muda wa dakika moja na nusu au zaidi. Aliyaeleza katika ripoti yake ya mwaka 1901. Leo mitetemo ya jamii hiyo hupimwa kila siku katika nchi za ncha, na ile iliyo laini na mikubwa zaidi huitwa mitetemo mikuu.

Maelezo yake yalichelewa kupatikana. Mwaka 1942 Hannes Alfvén wa Sweden alionyesha kwa hesabu kwamba mistari ya nguvu ya sumaku, ikiwa imezungukwa na gesi yenye umeme, inaweza kutikisika kama uzi wa udi unaoguswa na mpigaji. Mistari inayotoka ardhini huko kaskazini huenda mbali angani, ikazunguka na kuingia ardhini upande wa kusini wa dunia, safari ya makumi ya maelfu ya kilometa. Uzi mrefu hutoa sauti nzito. Uzi wa urefu huo hutikisika polepole kiasi kwamba mtikisiko mmoja humaliza dakika kadhaa. Alfvén alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1970.

Tukirudi kwa Birkeland, Haldde ilimfundisha kuwa mlima mmoja hautoshi. Mkondo wa umeme unaopita angani hauwezi kuchorwa kutoka mahali pamoja, kama vile mtu mmoja aliyesimama shambani asivyoweza kujua upana wa wingu la mvua. Kwa hiyo mwaka 1902 aliandaa safari kubwa kuliko zote, akapeleka watu katika vituo vinne: Kaafjord katika Norway ya kaskazini, Dyrafjord nchini Iceland, Axeløya katika visiwa vya Spitsbergen na Matotchkin Shar katika kisiwa cha Novaya Zemlya nchini Urusi. Vyote vilikuwa na vyombo vya aina moja na saa zilizooanishwa. Aidha, aliandika barua kwa wakuu wa vituo vingine vya sumaku duniani akiomba nakala za karatasi zao, na takribani vituo 25 vilimjibu.

Kazi ya kuzichambua karatasi hizo ilimchukua miaka. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka kwa sehemu mbili, ya kwanza mwaka 1908 na ya pili mwaka 1913, kikiwa na kurasa zaidi ya 800. Ni kitabu kizito kwa mikono na kwa akili pia. Lakini kiini chake kinaweza kuelezwa kwa maneno machache.

Birkeland alionyesha kuwa misukosuko ya kaskazini haisambai ovyo. Huwa na kitovu, na chini ya kitovu hicho sindano zote hugeuka kwa mpangilio, kana kwamba kuna mto wa umeme unaopita juu yake kuelekea upande mmoja kwa mamia ya kilometa. Kwa hesabu yake, mto huo ungeweza kufikia ampea milioni moja. Swali likawa: mto huo unaanzia wapi na unamwaga wapi? Jibu lake lilikuwa kwamba umeme hushuka kutoka anga la mbali ukifuata mistari ya sumaku ya dunia, hupita kwa mlalo juu ya ukanda wa mwanga wa kaskazini, kisha hupanda tena kurudi angani kwa kufuata mistari mingine. Duara hilo lote, kwa maoni yake, linaendeshwa na Jua.

Safari hizo zilikula fedha nyingi, na serikali ya nchi ndogo iliyokuwa bado katika muungano na Sweden haikuwa na hazina ya kumtosheleza. Hapo ndipo profesa alipogeuka mfanyabiashara.

Alianza na mzinga. Mwaka 1901 alisajili uvumbuzi wa bunduki kubwa isiyotumia baruti, ambayo risasi yake ingesukumwa na sumaku za umeme, akaanzisha kampuni ya kuuza hisa. Alipoonyesha mzinga huo mbele ya wageni mashuhuri katika ukumbi wa chuo kikuu, waya zilipiga shoti, ukatokea mwako wenye mlio wa kutisha na wageni wakahaha kutafuta mlango. Thamani ya kampuni ikaporomoka. Wengi walimcheka, naye mwenyewe inasemekana alilicheka tukio hilo maisha yake yote.

Lakini mwako ule ulikuwa na baraka zake. Februari 1903, katika chakula cha jioni nyumbani kwa Gunnar Knudsen, mwanasiasa aliyekuja kuwa waziri mkuu, alikutana na mhandisi Sam Eyde. Eyde alikuwa amenunua haki za maporomoko ya maji na alitafuta namna ya kuyatumia. Dunia ilikuwa na hofu ya njaa. Mwaka 1898 mwanakemia Mwingereza William Crookes alikuwa ameonya kuwa chumvi ya nitrati iliyochimbwa jangwani nchini Chile, ambayo mashamba ya ngano ya Ulaya yaliitegemea, ingekuja kwisha. Naitrojeni imejaa hewani, lakini kuitoa huko kunahitaji joto la radi. Eyde alitaka radi. Birkeland alikuwa ametoka kuitengeneza bila kukusudia.

Kwa miezi michache tu walipata tanuri ambamo cheche ya umeme, ikisukumwa na sumaku, hutanuka na kuwa sahani ya moto yenye joto la nyuzi zaidi ya 3,000. Hewa iliyopulizwa humo iliungua, na gesi iliyotoka ilipopitishwa majini ikatoa tindikali ya naitriki, ambayo nayo ilichanganywa na chokaa kupata mbolea. Desemba 2, 1905, mwaka ule ule ambao Norway ilijitenga na Sweden, kampuni ya Norsk Hydro ikaundwa. Kituo cha umeme cha Vemork kilichojengwa kuilisha viwanda vyake vya Rjukan kilikuwa kikubwa kuliko vyote duniani kilipoanza kazi mwaka 1911.

Njia hiyo ilikula umeme mno, na mwishoni mwa miaka ya 1920 nafasi yake ilichukuliwa na mbinu ya Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch. Kampuni ilibaki. Tawi lake la mbolea lilijitenga mwaka 2004 na kuitwa Yara, jina ambalo mkulima wa mahindi wa Mbeya au Uasin Gishu amelisoma kwenye mfuko wa mbolea bila kujua kuwa asili yake ni profesa aliyekuwa akitafuta nauli ya kwenda kutazama anga.

Kwa Birkeland, biashara ilikuwa hivyo hasa: nauli. Alipata fedha, akajiondoa katika uendeshaji wa kampuni na kurejea maabara. Huko alijenga masanduku ya kioo yaliyotolewa hewa, ambamo aliweka tufe lenye sumaku ndani yake, dunia ndogo ya mezani. Akilielekezea miale ya kathodi, pete mbili za mwanga zilijitokeza kuzunguka ncha zake, kaskazini na kusini. Sanduku la mwisho lilikuwa na ujazo wa lita 1,000, na tufe lake lilikuwa na kipenyo cha sentimeta 36. Inasimuliwa kuwa alifanya kazi hiyo akiwa amevaa tarbushi nyekundu, akiamini inakinga kichwa dhidi ya miale. Mwenzake, mwanahisabati Carl Størmer, alivutiwa na pete hizo na kutumia miaka mingi kupiga hesabu za njia za chembe hizo. Ni Størmer pia, kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka vituo viwili, aliyethibitisha mwaka 1910 kile kilichoshindikana Haldde: sehemu ya chini ya mwanga huwa takribani kilometa 100 juu ya ardhi.

Mei 1905 Birkeland alifunga ndoa na Ida Charlotte Hammer. Hawakujaliwa mtoto. Mume alilala maabara zaidi ya nyumbani, na mwaka 1911 ndoa ilivunjika.

Mwaka huo huo pigo la kitaaluma lilitoka Uingereza. Arthur Schuster alieleza kuwa kundi la elektroni peke yake haliwezi kusafiri kutoka kwenye Jua hadi duniani, kwa kuwa chembe za umeme wa aina moja hufukuzana, hivyo zingetawanyika kabla ya kufika. Hoja hiyo ilikuwa na uzito na Birkeland aliielewa. Kufikia mwaka 1916 alikuwa akiandika kwamba kinachotoka kwenye Jua si elektroni tu, bali mchanganyiko wa chembe za umeme hasi na chanya, ukienda pande zote bila kukoma. Kwa maelezo hayo alikuwa ameukaribia mno ule unaoitwa leo upepo wa Jua. Wachache walimsoma. Ulaya ilikuwa vitani.

Yeye mwenyewe hakuwa tena Ulaya. Tangu mwaka 1910 alikuwa amevutiwa na mwanga mwingine, ule uonekanao kama pembetatu hafifu upande wa mashariki kabla ya mapambazuko, au magharibi baada ya magharibi kuingia. Kwao kaskazini ni nadra kuuona vizuri. Katika nchi za joto huonekana wazi, na wapo wanaouhusisha na ile ambayo Waislamu wa pwani yetu huiita alfajiri ya uongo. Birkeland alikwenda Misri na Sudan kuupima, akahamia Helwan karibu na Cairo mwaka 1913. Katika majira ya baridi ya 1913 na 1914 msaidizi wake nchini Sudan alikuwa Thoralf Skolem, ambaye baadaye alikuwa mwanamantiki mkubwa wa hisabati.

Katika hili Birkeland alikosea. Alidhani mwanga huo nao ni kazi ya elektroni za Jua, kumbe ni vumbi lililosambaa kati ya sayari likirudisha nuru ya Jua. Mtu aliyeona umeme mahali ambapo wengine hawakuuona alifikia hatua ya kuuona kila mahali.

Afya yake ilikuwa imeshuka. Hakupata usingizi kwa miaka mingi na alitegemea veronali, akichanganya na pombe kali. Dawa hiyo humharibu akili mtu anayeitumia kwa muda mrefu. Misri ilikuwa chini ya Waingereza, na Birkeland alianza kuamini kuwa wapelelezi wao wanamfuata kwa sababu ya mzinga wake wa zamani. Mwaka 1917 aliamua kurudi kwao, lakini kwa kuwa vita ilikuwa imefunga njia za Ulaya, alichukua njia ndefu ya kupitia Asia. Jijini Tokyo alikuwa na marafiki, akiwemo mwanafizikia Torahiko Terada, ambaye aliandika kumbukumbu juu ya siku zake za mwisho na hofu zilizomsumbua. Wapo walioandika kuwa alijiua. Wengine huamini alijidhuru bila kukusudia. Alikuwa ametajwa mara saba kuwania Tuzo ya Nobel, na hakuipata.

Baada ya kifo chake, bingwa wa elimu ya sumaku ya dunia akawa Mwingereza Sydney Chapman. Kwa maoni yake, mikondo yote ya umeme hukaa ndani ya tabaka la juu la hewa, ikizunguka humo bila kupanda wala kushuka. Hesabu zake zilikuwa safi, na kutoka ardhini hakuna chombo kinachoweza kutofautisha kwa hakika kati ya picha hizo mbili. Hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Kwa vipimo peke yake, Chapman hakuweza kushindwa na Birkeland hakuweza kushinda. Alfvén alimtetea Birkeland tangu miaka ya 1930, naye akaonekana msumbufu.

Kilichohitajika ni kupanda juu. Vyombo vya Urusi vya Luna mwaka 1959 na chombo cha Marekani cha Mariner 2 mwaka 1962 vilithibitisha kuwa chembe za umeme hutoka kwenye Jua bila kukoma. Kisha setilaiti ya jeshi la majini la Marekani, iliyopita kilometa 1,100 juu ya ncha, ilirekodi kuruka kwa sumaku kila ilipokatiza ukanda wa mwanga wa kaskazini. Alfred Zmuda na wenzake walipochapisha vipimo hivyo mwaka 1966, mwanzoni vilidhaniwa kuwa ni mawimbi. Mwaka 1967 Alex Dessler na Dave Cummings walionyesha kuwa ni mikondo inayoshuka na kupanda kwa kufuata mistari ya sumaku. Setilaiti ya Triad, iliyorushwa mwaka 1972, ilichora ramani yake yote: pete mbili kuzunguka ncha, moja ikishusha umeme pale ambapo nyingine inaupandisha. Mikondo hiyo inaitwa mikondo ya Birkeland.

Madhara yake si ya vitabuni tu. Machi 13, 1989, mikondo hiyo ilipoongezeka ghafla juu ya Canada, sumaku ya ardhini ilibadilika kwa kasi na kusukuma umeme ndani ya nyaya ndefu za jimbo la Quebec. Watu milioni sita walikaa gizani kwa saa tisa. Tangu hapo wasimamizi wa gridi za nchi za kaskazini hufuatilia mtikisiko wa sindano kama mabaharia wanavyofuatilia taarifa za upepo, na walifanya hivyo tena Mei 2024, dhoruba kubwa kuliko zote kwa miaka 20 ilipoupeleka mwanga wa kaskazini hadi nchi ambazo hauonekani kwa kawaida.

Nyumba za mawe za Haldde zilitumika kama kituo cha utafiti hadi mwaka 1926, kazi ilipohamishiwa Tromsø. Mwaka 1944 majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma yalizichoma moto, na baadaye zikakarabatiwa kwa sehemu. Mwaka 1994 Benki Kuu ya Norway iliweka sura ya Birkeland kwenye noti ya kroni 200, na nyuma yake ikachapa mchoro wa mikondo ya umeme kutoka katika kitabu chake cha mwaka 1908. Noti hiyo iliondolewa kwenye matumizi Mei 2018, na iliyochukua nafasi yake ina picha ya samaki.